Risasi ya Angani: Baba Mkwe Afungiwa na Mkamwana

Komeo limeanguka, msomaji, na aliyekohoa nyuma ya pazia si mzimu.

Wewe uliyefungia dagaa gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea nikuambie haraka. Ambrosi, yule bwana wa kofia nyeupe ngumu anayejiita Fundi Mkuu, amewaletea watu wa Uyole chombo cha bati chenye umbo la ndizi. Kinaning'inia kwenye waya wa chuma uliofungwa mlimani na kuishia sokoni. Anakiita Risasi ya Angani. Kikikamilika, anasema, mtu ataondoka Mbeya na kufika Iringa kabla maji ya ugali hayajachemka.

Na anachotaka ni kidogo tu, maskini wa Mungu. Mzee Andendekisye apige dole gumba kumpa shamba la pareto la pale mlimani. Halafu mzee huyohuyo, ambaye watu wamemchagua akaseme mbele ya Tume ya Reli huko Iringa, akaseme kwamba Uyole hawataki gari moshi.

Shamba hilo analilima Sekela, mke wa Asukile, mtoto wa mzee. Asukile yuko migodini Rodesia. Shamba likienda, Sekela na watoto wake watakula nini? Labda watakula upepo wa Risasi.

Wapimaji wa reli walikuwa wamepigilia vigingi vyekundu kwa vyeupe katikati ya pareto yake. Baada ya siku chache vigingi vikatoweka. Sekela akamshuku Ambrosi. Asubuhi ile, watu hawajafika, akaingia ndani ya chombo kuvitafuta. Akasikia sauti za wanaume, akaruka nyuma ya pazia. Aliyepandishwa ni Mzee Andendekisye, jogoo wa zawadi kwapani, awe abiria wa kwanza wa heshima. Mlango ukabamizwa. Komeo la mlango huo liko nje tu, ndani hakuna hata msumari wa kushika.

Hapo ndipo pazia lilipokohoa.

"Nani huyo?" akauliza mzee.

Pazia likatikisika.

"Nimesema nani huyo? Toka nikuone!"

Na hicho ndicho kitu kimoja duniani ambacho Sekela asingeweza kufanya. Msomaji wa Tanga ataniuliza, kuna nini hapo, si baba yake tu? Sikiliza basi. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Hawasemezani. Mzee akija kwa njia hii, mwanamke anaingia migombani hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Mchungaji amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo ni ya zamani. Mzee Andendekisye, ambaye ni mzee wa kanisa, huitikia Amina kwa sauti kuliko wote, kisha akitoka kanisani anazunguka kwa njia ya nyuma asikutane na mkamwana wake.

Mzee akainama kutazama chini ya pazia. Akaona mguu. Akaona na bangili ya shaba kwenye kifundo, ambayo mkewe Damari alimvisha bibi harusi kwa mkono wake.

Aligeukia ukuta kwa kasi hata kichwa kikagonga bati.

"Yesu wangu!"

"Mzee!" Ambrosi akaita kutoka nje. "Umeshapata raha?"

"Fungua mlango!"

"Anasema tufunge zaidi!" Ambrosi akawaambia watu, na watu wakapiga makofi.

Nusu ya Uyole ilikuwa imepanda mlimani. Ambrosi alisimama juu ya pipa, kofia ikimetameta.

"Jamani, mnataka gari moshi la nini? Ulaya wanalizika! Limekufa! Ninyi mnataka kuvaa nguo za marehemu?"

"Hapanaaa!"

"Mnataka kuketi mkivuta moshi kama nyama ya kukausha?"

"Hapanaaa!"

Hapana, wanasema. Watu ambao reli yao ya karibu iko Dodoma kule, safari ya kutapika vumbi tangu Mbeya, wao tayari wamelichoka gari moshi. Nimeona mtu aliyechoka kula nyama. Aliyechoka nyama asiyoijua ladha, huyo nimemwona Uyole peke yake.

Mashine ikawashwa. Ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, pangaboi la mbele likaanza kuzunguka. Kinamama wakapiga vigelegele.

Bwana Firoz, mwenye duka pale njia panda, akainua kidole.

"Fundi! Hiyo sauti naijua. Hiyo mashine yangu ya kusaga mahindi, nilikuuzia wakati wa Krismasi!"

"Ilikuwa ya kusaga, Bwana Firoz. Sasa imesoma."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Nao hawakumcheka Ambrosi. Walimcheka Firoz.

"Mama Asukile," Firoz akamgeukia Damari, mke wa mzee, aliyesimama karibu naye, "mume wako yuko ndani ya kinu changu, na kinu kinasaga upepo."

"Nyamaza, Bwana Firoz. Wewe unaogopa Risasi itakuharibia biashara ya lori."

"Lori langu linapanda mlima, mama. Hiki umewahi kukiona kinapanda?"

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amekiona kinapanda. Majaribio yote yalianzia mlimani na kuishia sokoni, na kila jioni maksai walikirudisha juu kwa kamba. Ambrosi alikuwa amewaeleza kwamba maksai ni wa kuipumzisha mashine. Wakasema, ni kweli, hata mashine huchoka. Gunia la viazi nalo ukiliachia mlimani linafika chini bila kwenda shule, lakini hakuna anayelipigia vigelegele.

Ambrosi akakata kamba.

Chombo kikaondoka kwa mlio. Ndani, jogoo alipiga kelele, mzee alipiga kelele, Sekela akauma khanga yake asipige. Watu wakateremka mbio wakikifuata, watoto, mbwa, na wazee waliosema miguu inawauma.

Kisha Risasi ikapunguza mwendo. Ikajivuta. Ikasimama.

Siku zote chombo kilikuwa kinambeba Ambrosi peke yake, mwembamba kama njiti ya kibiriti. Leo kilikuwa na watu wawili, mmoja wao mzee aliyeshiba ndizi tangu utoto. Waya ukalegea katikati kama kamba ya nguo mbichi, na Risasi ya Angani ikabaki inaning'inia juu ya mto mdogo wenye matete, wala si mlimani wala si sokoni. Mashine ikakohoa ikazimika.

"Kaeni mbali!" Ambrosi akafoka, anakimbia na ngazi begani. "Umeme wa anga utawachoma! Hata hatua moja msisogee!"

Umati ukarudi nyuma kwa heshima. Umeme wa anga haujulikani, na kitu kisichojulikana Uyole wanakitii haraka.

Ndani, Mzee alitazama bati la upande wake. Sekela, kichwa kizima ndani ya khanga, alitazama bati la upande wake. Katikati alikuwepo jogoo.

Sekela ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini.

"Jogoo, kuna mtu humu angependa kujua kwamba hii mashine haivuti kitu. Mkanda wake haukufungwa kwenye gurudumu. Unazungusha pangaboi basi."

Mzee akakuna sikio. Alikuwa hajui kama kusikia nako ni dhambi.

"Jogoo," akasema hatimaye, "mwambie aliyekuambia kwamba wanawake hawajui mashine."

"Jogoo, mwambie aliyesema hivyo atazame nje kama tunakwenda."

"Tumesimama kidogo, jogoo. Hata gari moshi husimama."

"Husimama stesheni, jogoo. Halisimami juu ya matete."

Mzee akaguna. Mtu akisikiliza vizuri angesema lile guno lilitaka kuwa kicheko.

Kisha kitu kikakwaruza sakafuni. Kikavingirika mpaka kwenye kiatu cha mzee. Sekela alikuwa anakisukuma kwa mguu kutoka chini ya benchi, na baada ya hicho kikaja kingine, na kingine. Vigingi. Vyekundu kwa vyeupe, udongo wa shamba bado umeganda kwenye ncha.

Hapo hakukuwa na haja ya jogoo. Mzee mwenyewe alikuwepo siku vinapigiliwa. Aliwaonyesha wapimaji mpaka wa shamba, wakampa sigara, akaiweka kwenye kofia awaonyeshe watu. Alijua kila kigingi kilipokaa.

"Ameving'oa," akasema polepole, na sasa hakusema na jogoo wala na mtu. "Reli inapita pale. Stesheni wataiweka pale. Ndiyo maana analitaka shamba. Mchana analitukana gari moshi, kumbe yeye ndiye anayelisubiri!"

Hivyo ndivyo ilivyo, wasomaji wangu. Anayekuambia mchumba wako ni mbaya, angalia mahari anapeleka wapi.

"Na mimi nikakubali kupanda," mzee akaendelea, hasira zikimpanda. "Jogoo! Aliyetengeneza chombo hiki hana mkwe! Chumba kimoja, mlango mmoja, benchi moja! Mimi nililipanda gari moshi wakati wa vita, kutoka Dodoma. Behewa baada ya behewa. Baba mkwe wa mtu akae la mbele, mkamwana akae la mwisho, watashuka Tabora na heshima yao nzima. Hiki ni chombo cha watu wasio na ukoo!"

"Ndaga, jogoo," Sekela akajibu, kumshukuru. "Mwambie asipige dole gumba."

Ngazi ikagonga ubavu wa chombo. Uso wa Ambrosi ukatokea kwenye dirisha, na karatasi, na kibati cha wino.

"Pole sana, Mzee. Hitilafu ndogo. Ulaya nako hutokea. Sasa wakati tunasubiri, tumalize ile kazi yetu ya..."

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye khanga.

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeokota kitu njiani na mwenyewe hayupo.

"Aa! Kumbe umekuja na mgeni. Na mgeni mwenyewe ni mkamwana wako. Mzee, Mzee! Na wewe mzee wa kanisa!"

"Fungua mlango, kijana."

"Nitafungua. Lakini nifungueje? Hilo ndilo swali." Akashusha sauti. "Ukipiga dole gumba, nawaambia watu wote warudi sokoni. Mama anateremka upande wa matete, hakuna jicho litakalomwona. Usipopiga, naita Uyole nzima ije karibu, ndipo nafungua. Watajionea wenyewe aliyekaa na nani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa."

"Komeo ulitia wewe!"

"Nani atauliza komeo, baba?"

Swali zuri, lazima nikiri. Watu wakishaona kitu cha kusimulia hawaulizi komeo.

Mzee alitazama umati kupitia dirishani. Alimwona Damari. Aliwaona wazee wenzake wa kanisa. Alifikiri juu ya mtoto wake Rodesia, siku mtu atakapompelekea habari. Akatia dole gumba kwenye wino. Mkono ukatoka dirishani.

Sekela hakuuona mkono. Aliona kivuli chake kwenye bati. Akijinyamazia, anarudi nyumbani mkamwana mwenye heshima, asiye na shamba. Akisema, shamba linabaki, na yeye sijui atabaki wapi.

Akatoa kichwa kwenye dirisha la pili, khanga usoni.

"Watu wa Uyole! Mimi ni Sekela, mke wa Asukile! Nimefungiwa humu na baba mkwe wangu! Komeo liko nje, njooni mlione! Na vigingi vya reli viko humu, Ambrosi aliving'oa! Mzee akipiga dole gumba anapiga kwa kunifichia aibu mimi. Mimi sitaki kufichiwa!"

Mama mmoja aliangusha debe, likavingirika hadi mtoni. Hakuna aliyelifuata.

"Mwendawazimu huyo!" Ambrosi akafoka. "Mzee, piga! Piga haraka!"

Mzee Andendekisye akapiga. Alipiga dole gumba la wino katikati ya paji la uso la Fundi Mkuu, akalikandamiza vizuri kama anavyokandamizwa mtu kwenye ofisi ya kodi.

"Umeshaipata sahihi yangu," akasema. "Peleka unakotaka."

Hapo, msomaji, ungetegemea Ambrosi akimbie. Mimi nilitegemea hivyo. Tapeli akishikwa hukimbia, hiyo ndiyo adabu yake. Huyu aliteremka ngazi taratibu. Akachukua leso, akajifuta, wino ukasambaa. Akavaa kofia yake.

"Haya, Mzee," akasema. "Nenda Iringa ukaseme yako. Huko ndiko utakakonihitaji."

Akapita katikati ya watu, na watu, bila kujua kwa nini, wakampisha.

Bwana Firoz ndiye aliyepanda ngazi akainua komeo. Lakini kabla hajauvuta mlango, Damari akapiga kelele.

"Geukeni! Wote! Firoz, na wewe geuka! Baba Asukile, jifunike!"

Uyole nzima ikageuka, migongo kwa mto. Mzee akavua koti akajifunika kichwa, akaketi hivyo kama kitanda kilichofunikwa shuka. Sekela akateremka ngazi na vigingi vimefungwa kwenye khanga ya pili.

Damari alimngoja chini. Hakumshika mkono.

"Umevunja mwiko mbele ya watu wote, mwanangu. Si ungenyamaza."

"Ningenyamaza, mama, tungekufa njaa kwa heshima."

Damari akatazama mlimani, kwenye pareto nyeupe waliyoipanda yeye na Sekela mvua za mwaka juzi, na mtoto mgongoni.

"Lakini ulilitaja jina," akasema tu. "Ungesema 'mimi fulani.'"

Zogo la kwenda Iringa lilianza jioni ile na kuendelea hadi asubuhi basi lilipopiga honi. Mwenye haki ya kusema mbele ya Tume ni mzee, ndiye aliyechaguliwa. Mwenye kujua vigingi vilikutwa wapi na vilifichwa vipi ni Sekela. Na basi la Iringa, tofauti na gari moshi, ni chumba kimoja.

Wale wazee waliokuwa wanashangilia pangaboi jana, leo walikuwa wa kwanza kushauri. Mmoja akasema Sekela apakiwe juu pamoja na magunia. Mwingine akasema mzee ndiye apakiwe juu. Wa tatu akasema, tungekuwa na reli leo mambo haya yasingetokea, na akatazama huku na huku kama mtu aliyesema hivyo tangu zamani. Nusura nimpige kofi, na mimi nilikuwa mbali, naandika tu.

"Benchi la nyuma tu ndilo lina nafasi!" utingo akapiga kelele. "Watatu wanaojua kujibana! Upesi, wazee, baridi ya Makambako haingoji mtu!"

Damari akajifunga khanga kiunoni.

"Mimi nakaa katikati."

"Mama, una tiketi?"

"Mwanangu, mimi si abiria. Mimi ni ukuta."

"Ukuta nao hulipa," utingo akajibu, lakini akampisha, na akasema kwa sauti: "Na mwili wa ukuta unao."

"Ninao wa kuficha ukoo mzima. Endesha!"

Basi likaondoka hivyo, mzee dirisha la kulia, Sekela dirisha la kushoto, Damari katikati amekaa wima kama nguzo ya kanisa. Wakapita Chimala, wakapita Igawa, vumbi likiingia kwa matundu yote. Kila mara basi lilipoegemea upande, Damari aliegemea upande wa pili, heshima isimwagike.

Makambako mzee akasafisha koo.

"Damari."

"Naam."

"Mwambie yule mama, mbele ya Tume hatuwezi kuingia wote. Ni chumba."

"Amesikia."

"Mwambie ataingia yeye."

Damari akamgeukia mumewe, akasahau kuwa ukuta.

"Yeye? Mwanamke? Waliyemchagua ni wewe!"

"Walinichagua, nikaenda kushangilia gunia la viazi. Aingie aliyeona. Mimi nitakaa nje na jogoo." Akatazama dirishani. "Mwambie aseme hivi. Tunataka chombo kirefu. Chenye vyumba vingi. Kinachopanda mlima kwa nguvu zake chenyewe na kushuka kwa adabu. Kama kinachelewa, kichelewe, hakuna mtu wa Uyole aliyewahi kuwahi kitu. Lakini mtu akae ndani yake na anayemheshimu, na wote wafike."

"Sekela, umesikia?"

"Nimesikia, mama." Sauti ilitoka ndani ya khanga. "Mwambie tata, ndaga fijo."

"Anasema asante sana."

"Nimesikia," akasema mzee, na akakumbuka hakutakiwa kusikia, akakohoa hadi Iringa.

Ofisi iliyokuwa na Tume ilikuwa juu ya kilima, na watu walijaa barazani: Wahehe, Wabena, Wasangu, kila mmoja na neno lake la reli, ipite kwetu, isipite kwetu. Mzee na Damari wakakaa kwenye ngazi. Askari akatoa kichwa mlangoni.

"Mbeya! Watu wa Uyole! Mmoja tu!"

Sekela akainuka. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya wanaume zaidi ya wale wa mazishini. Akafunga khanga upya, akakumbatia vigingi, akapita.

"Shika mlango uingie na mguu wa kulia," Damari akamnong'oneza.

Mzee alitazama ukutani, kama inavyostahili. Lakini midomo yake ilikuwa inaomba.

Ndani palikuwa na meza ndefu na Wazungu watatu, nyuso nyekundu za watu waliofika nchini juzi. Wa katikati alikuwa na mvi na macho ya upole. Aliona vigingi mikononi mwa Sekela, akainuka kidogo kwenye kiti, akasema maneno mengi kwa Kiingereza, akimwonyesha kiti.

Moyo wa Sekela ukatulia. Mtu huyu anavijua vigingi vyake. Mtu huyu atasikia.

"Shikamoo," akasema, akaweka vigingi mezani. "Mimi natoka Uyole. Hivi viling'olewa shambani kwangu na mtu mmoja anayeitwa Ambrosi."

Mzungu akatikisa kichwa kwamba hakuelewa. Akageukia kona iliyokuwa nyuma ya mlango, akaita.

Mtu aliyekuwa amekaa pale akainuka. Hakuwa na kofia. Nywele alikuwa amezipaka mafuta na kuzigawa kwa kitana, koti limefungwa vifungo vyote, mikono nyuma kama karani mwaminifu.

Nyuma ya Sekela askari akafunga mlango.

"Karibu, mama," akasema Ambrosi. "Mabwana hawa hawajui Kiswahili hata neno moja. Mkalimani wa Tume ni mimi. Sema shida yako yote, usiogope."

Akavuta kiti chake hadi karibu naye, akaketi.

"Ila sema polepole, nisije nikakosea."